Kikaratasi Kilicho Chini ya Ushanga

Mwaka 2017 Samwel Nangiria, mtetezi wa haki za ardhi kutoka Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, aliingia katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford, Uingereza. Ni jumba lililoanzishwa mwaka 1884, lenye mwanga hafifu na makabati ya kioo yaliyosheheni mpaka juu, na hazina yake ina vitu zaidi ya nusu milioni kutoka kila pembe ya dunia. Vitu humo havikupangwa kwa makabila, vimepangwa kwa aina: bangili na bangili, filimbi na filimbi, mikuki na mikuki. Katikati ya msongamano huo Nangiria akakutana na vitu vya kwao. Kila kimoja kilikuwa na kikaratasi chake cha maelezo, na baadhi ya maelezo hayakuwa kweli. Vikaratasi vingine vilikosea kazi ya kitu, vingine vilimzungumzia Mmaasai kana kwamba ni mtu wa zamani aliyekwisha kupita. Na yeye yuko pale, mzima, anavisoma.

Angeweza kutoka nje kwa hasira, akarudi nyumbani na kisa cha kusimulia. Alichagua kuzungumza na wenye jumba. Novemba 2018 ujumbe wa Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya ukafika Oxford kufanya kazi na wafanyakazi wa makumbusho, kwa ushirikiano na InsightShare, shirika linalofundisha wanajamii kutengeneza filamu zao wenyewe. Walipitia vitu kimoja baada ya kingine. Walivitaja kwa majina yake ya Kimaa, lugha yao, wakaeleza nani huvivaa na lini, wakasahihisha maelezo. Kisha wakatenga vitu vitano na kusema kwamba hivi havikupaswa kuondoka katika familia zilizokuwa navyo.

Kimojawapo ni orkatar, bangili ambayo baba akifariki humwendea mwanawe. Kwa hiyo haiuzwi, wala haizawadiwi kwa mgeni. Ukiiona mkononi mwa mtu unajua baba yake hayupo tena, na mamlaka ya nyumba yamepita mkononi humo. Kuikuta ng'ambo ndani ya kabati ni kukuta urithi wa mtu uliokatika njiani, na swali la kwanza linalomjia mwenye mila ni moja: yule mwana alipatwa na nini? Kingine ni isurutia, pambo la shingoni linaloambatana na ndoa. Kingine ni emonyorit, pambo la sikio la mwanamke aliyeolewa. Vingi kati ya vitu vya Kimaasai vilivyoko Oxford vimeandikwa kwa jina la Alfred Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza aliyeandika kitabu juu ya Wamaasai kilichochapishwa mwaka 1905. Jina la mkusanyaji limetunzwa zaidi ya miaka 100. Jina la mtu aliyeketi akaitengeneza isurutia halikuandikwa popote.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 ujumbe mwingine ulikwenda, safari hii akiwamo laiboni, mwaguzi wa Kimaasai, aliyetumia enkidong, kibuyu cha mawe ya uaguzi, kutafuta vitu vile viliondokaje na ni vya nani. Familia zikajulikana. Mwaka 2023 watu wa makumbusho, mkurugenzi wao Laura Van Broekhoven akiwa mbele, walikuja wenyewe Afrika Mashariki, wakakaa na familia hizo katika ibada za upatanisho, na ng'ombe wakatolewa kwa namna mila inavyotaka.

Nimeanzia Oxford kwa sababu alichokifanya Nangiria kwenye kabati lile ni kazi yenye jina, inayosomewa vyuoni na kulipiwa mshahara, na inayoweza kufanywa na kijana wa Soitsambu, kule Loliondo, kwa ubora ambao mtu wa mbali hataufikia kirahisi. Ni kazi ya kuchagua kitu gani kionyeshwe, kikae jirani na nini, kiambatane na maneno gani, na kipi kibaki nyumbani kimefungwa. Tunapozungumzia fursa za wasanii wa kanda ya Ngorongoro katika maonyesho ya pamoja, wengi wetu tunaiona meza ya kuuzia. Mimi naiona zaidi kalamu inayoandika kile kikaratasi.

Kiswahili bado kinatafuta jina la mtu wa kazi hii. Wapo wanaomwita mhifadhi, wapo wanaomwita msimamizi wa maonyesho. Mahali pengine nisingejali, lakini katika Wilaya ya Ngorongoro, iliko Soitsambu, mhifadhi ni mtu mwenye sare, wa mamlaka ya wanyamapori, anayeweza kukuambia ng'ombe wako wasipite hapa. Simama mbele ya akina mama wa Soitsambu ujitambulishe kuwa wewe ni mhifadhi wa sanaa zao, na mkutano umekwisha kabla haujafunguliwa. Hapa nitamwita mratibu.

*

Soitsambu ni kata ya tarafa ya Loliondo, upande wa kaskazini wa wilaya, kati ya Hifadhi ya Serengeti na mpaka wa Kenya. Jina lenyewe ni somo la rangi. Osoit kwa Kimaa ni jiwe, na sambu ni neno la rangi mchanganyiko, neno ambalo mfugaji hulitumia kwanza kwa ng'ombe. Kimaa kina maneno ya namna hiyo kwa wingi: keri kwa mnyama mwenye mistari, arus kwa mwenye mabaka meusi na meupe, na mengine mengi. Mtoto anayechunga anajua kutofautisha madoa na mistari kabla hajashika penseli ya rangi shuleni. Sijui darasa la uchoraji lililo bora kuliko hilo.

Asubuhi moja nilikaa pale nje ya boma na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akishona pambo la shingo, lile bapa la duara linalocheza mabegani mwanamke anaporuka katika ngoma.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu.

"Iko," akaitika, bila kuinua macho.

Alikuwa ameketi juu ya ngozi, miguu ameinyoosha mbele, na pembeni yake kifuniko cha ndoo ya plastiki kimegeuzwa sinia. Juu yake shanga zilikuwa katika vichungu: nyeupe, nyekundu, buluu, kijani, rangi ya chungwa, na nyeusi kidogo. Uzi wake ulikuwa umechambuliwa kutoka kwenye mfuko wa salfeti, nyuzi mbili mbili akazisokota pajani kwa kiganja mpaka zikashikana. Zamani ulikuwa mshipa wa ng'ombe. Pambo lilikuwa limesimama juu ya duara za waya mwembamba, na kati ya duara na duara vilipita vipande vidogo vya ngozi vilivyotobolewa kuzishikilia zisifumuke. Alizoa shanga kwa ncha ya uzi, tano, sita kwa mkupuo, na midomo yake ikitikisika. Nilidhani anaimba, kumbe anahesabu.

Ghafla akaacha kushona. Akalinyanyua pambo, akalitazama akiwa amelinyooshea mbali, kisha akaanza kufumua. Alifumua mistari mitatu mizima, kazi ya asubuhi yote, akirudisha kila punje kwenye kichungu chake. Nikauliza kulikoni.

"Hii rangi ya chungwa nimeiweka upande wa hii," akasema, akigusa buluu. "Ukivaa hivi watu watasema wewe ni wa Kisongo. Sisi hatukai Kisongo."

Iloshon, yaani migawanyo mikubwa ya Wamaasai kama vile Purko, Loita na Kisongo, kila mmoja una mazoea yake ya kupanga rangi, na mazoea hayo hubadilika pia rika kwa rika, kwa sababu wasichana wa kizazi kimoja hawataki kufanana na mama zao. Mgeni aletwaye kwenye boma la watalii huambiwa orodha fupi: nyekundu ni damu, buluu ni mbingu, kijani ni majani, nyeupe ni maziwa. Orodha hiyo haina ubaya, ila ni kama kumfundisha mtu herufi ukamwambia amekwisha kusoma kitabu. Maana imo katika mpangilio, katika nani jirani ya nani, na katika mstari mwembamba mweupe unaokata rangi mbili nzito zisigombane. Mama yule alikuwa akifanya kwa shanga kile ambacho mratibu hufanya kwa kuta za ukumbi.

Hata historia ya shanga zenyewe ingetosha kujaza chumba. Shanga za kioo zilizoshika soko la Afrika Mashariki katika karne ya 19 zilitoka Venice na Bohemia, zikashushwa Zanzibar, zikapanda bara na misafara. Wafanyabiashara walijifunza kwa hasara kwamba kila nchi ina rangi yake. Aliyebeba mzigo wa rangi isiyotakiwa alikuta watu wanamgeuzia mgongo, na chakula hakupewa. Mpaka leo shanga za Kicheki ndizo zinazosifiwa kwa kulingana punje kwa punje, ingawa zipo za bei nafuu kutoka Asia. Kwa hiyo bibi wa bara wa karne ya 19, ambaye hakuwahi kuiona bahari, aliamua viwanda vya Ulaya vipike kioo cha rangi gani. Kuna kikaratasi gani kinachomweleza mgeni jambo hilo?

*

Sasa tulinganishe majina. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya hadbodi, akauawa kwa risasi kwa bahati mbaya mwaka 1972. Alichora kwa miaka minne tu, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Wanafunzi wake na ndugu zake wakaunda chama cha ushirika Oysterbay, na picha zao zina saini. Wanawake wa Loliondo, Monduli, Longido na Simanjiro wameshona shanga kwa vizazi, kazi yao imekuwa kitambulisho cha Tanzania kwenye kila bango la utalii, na hakuna mmoja ambaye msomaji wa kawaida angeweza kumtaja. Kwenye maduka makubwa ya vinyago na sanaa pale Arusha pambo huwa limeandikwa bei na neno moja: Maasai. Kabila zima limekuwa msanii mmoja asiye na uso.

Hilo linaweza kurekebishwa, na mfano upo jirani. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda la taifa katika maonyesho ya Venice, ikaondoka na tuzo ya kutajwa kwa heshima. Mmoja wa wasanii wake wawili, Acaye Kerunen, alipeleka kazi zilizotokana na ukili, mgomba na nyuzi za porini, zilizosukwa kwa ushirikiano na wanawake wasusi wa Uganda. Ususi ule ule ambao barabarani huitwa mkeka au kikapu, na bei yake hupatanwa mpaka mchana, kule ulisimama ukutani kama sanaa na kuzungumziwa kama sanaa. Wala haukubadilishwa ili ufanane na mambo ya Ulaya. Kilichobadilika ni mahali uliposimama, urefu wa ukuta, na maneno yaliyoandikwa pembeni. Tanzania nayo ilipata banda lake la kwanza Venice mwaka 2024, na wachoraji wetu wakaonekana. Shanga hazikuwa hoja yake. Nafasi hiyo bado iko wazi.

Lakini Venice ni mbali, na mimi ninayemfikiria ni msichana aliyemaliza kidato cha nne Soitsambu, ana simu, anajua Kimaa cha nyanya yake na Kiswahili cha shule, na hana kazi. Maonyesho ya pamoja ya kijamii yanampa nini?

Yanampa kwanza majirani. Mtu asiyeijua kanda hii anadhani Ngorongoro na Karatu ni Wamaasai na tembo. Ukishuka kutoka kreta kuelekea Karatu unaingia nchi ya Wairaqw, ambao mabibi zao walishona sketi za ngozi zilizotariziwa shanga kwa michoro ya ufundi mkubwa, na nyingi kati ya zilizobaki ziko kwenye makumbusho ya ng'ambo. Ukiteremka zaidi mpaka Ziwa Eyasi unawakuta Wahadzabe, na jirani zao Wadatoga. Mhunzi wa Kidatoga anayeyusha kufuli mbovu, koki za maji na vipande vya shaba, akivuvia moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na kutoka humo anatoa bangili yenye mistari myembamba kama uzi. Huyo huyo hufua vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali. Mke wake anavaa hanang'weend, sketi ya ngozi yenye vishada virefu, inayosema ameolewa. Na huko Sale na Samunge wako Wabatemi, wakulima wa mifereji.

Hawa wote si marafiki wa siku zote. Kuna visa vya ng'ombe, kuna vya malisho na maji, vya jana na vya babu zao. Kuwaweka katika chumba kimoja kunataka mtu anayejua asimweke nani jirani ya nani, kama vile yule mama na rangi yake ya chungwa. Mratibu wa kutoka Dar es Salaam, awe na shahada gani, atahitaji miaka kulijua hilo. Msichana wetu analijua.

Kisha yanampa kina cha wakati. Kwenye pango la Mumba, kandokando ya Eyasi, ambako Ludwig na Margit Kohl-Larsen walichimba miaka ya 1930, zimepatikana shanga zilizokatwa kutoka kwenye ganda la yai la mbuni. Utafiti wa Jennifer Miller na Yiming Wang uliochapishwa katika jarida la Nature, uliolinganisha shanga za namna hiyo zaidi ya 1,500 kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, unaonyesha kwamba miaka 50,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili walitengeneza shanga zinazofanana, dalili kwamba walikuwa na mawasiliano. Fikiria ushanga mmoja wa aina hiyo, au picha yake, kwenye kitambaa cheusi. Pembeni yake ushanga wa yai la mbuni wa Kihadzabe. Pembeni tena shanga za kioo za mama wa Soitsambu. Hatua tatu za mguu. Mgeni atakayesimama hapo ataelewa mengi kuliko atakayoelewa kwa siku nzima ndani ya gari la safari, na mtoto wa shule ya msingi ataelewa kwamba ufundi wa nyumbani kwao una umri mkubwa kuliko mji wowote duniani.

*

Swali linalofuata huwa ni ukumbi. Hatuna ukumbi, watasema. Elimo Njau, mchoraji mkubwa aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alikabili swali hilo hilo miaka ya 1960. Wakati ule sanaa ya Afrika Mashariki ilionyeshwa Kampala, Nairobi na ng'ambo. Yeye alianzisha Kibo Art Gallery kijijini kwao, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa imani kwamba mkulima wa kahawa ana haki ya kutazama picha bila kupanda basi. Nairobi alikuwa mwasisi wa Paa ya Paa, iliyofunguliwa mwaka 1965. Ilipoungua mwaka 1997 kazi nyingi ziliteketea, na bado hakufunga mlango.

Soitsambu inaweza kuanza na darasa moja wakati wa likizo. Madarasa yana kuta, yana madirisha, na kila mzazi anajua yalipo. Au ianze siku ya soko, chini ya turubai, pale ambapo watu wamekuja kwa mbuzi na unga. Kuna uzuri wa pekee katika onyesho linalotembelewa kwanza na watu waliozishona kazi zenyewe. Nyanya atapita, atasoma, au atasomewa na mjukuu, naye atasema hapo mmekosea. Hakuna mkaguzi mkali kuliko huyo, na ni heri akosoe Soitsambu kuliko mjukuu wake akosoe Oxford baada ya miaka 100.

Kutoka hapo ndipo kazi zisafiri. Barabara si mzaha. Kipande cha lami cha kilomita 49 kati ya Waso na njia panda ya Sale kimeleta nafuu, lakini kuteremka mpaka Engaresero chini ya Ol Doinyo Lengai, kisha Mto wa Mbu, kunatikisa kila kitu kilichofungwa kwa uzi. Pambo la shanga lifungwe bapa kati ya maboksi mawili ya karatasi ngumu, lisikunjwe kamwe, na kila kifurushi kiwe na picha iliyopigwa kabla ya kuondoka, ili likifika limekatika ijulikane lilikatikia wapi. Niliwahi kushuhudia mapambo ya kikundi cha wanawake yakirudishwa kutoka kwenye onyesho mjini ndani ya mfuko mmoja, yamesokotana kama kamba za kisima. Mawili hayakurudi kabisa. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyosainiwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa. Wale mama hawakupiga kelele, walikaa kimya wakiyatenganisha, na kimya kile bado ninacho.

Karatasi, basi. Kabla ya pambo kupanda gari iwepo orodha yenye jina la kila mshonaji, bei anayoitaka yeye, tarehe ya kurudishwa, na nani analipa likipotea. Nyumba za sanaa hukata kamisheni, na asilimia 30 mpaka 50 ni kiwango cha kawaida. Mshonaji aijue mapema, kwa lugha yake, apange bei akiikumbuka. Picha zikipigwa, ijulikane zitatumika wapi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, ila sheria humsaidia mtu mwenye kumbukumbu. Kwa Afisa Utamaduni wa wilaya kuna mlango wa kuanzia, na Baraza la Sanaa la Taifa lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1984. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vingi huiombea mashine ya kusaga au kuku. Kikundi kinachoiombea shanga za jumla, maboksi na nauli ya kwenda kuonyesha kina hoja nzuri vilevile.

Na ujuzi wa uratibu hujifunzwa. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2008, ina karakana za wasanii na imekuwa ikitoa mafunzo. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa. Arusha kuna makumbusho ndani ya boma la Wajerumani la mwaka 1900. Kijana wa Loliondo anayekwenda kujitolea sehemu kama hizo miezi mitatu anajifunza kutundika, kupima mwanga, kuandika orodha. Mengine yote anayo. Ushauri wangu kwa wanaoandaa maonyesho mijini ni kwamba mkiita wasanii wanne kutoka Ngorongoro, iteni na mtu wa tano, mratibu, kutoka huko huko, mumlipe sawa na wenu, na jina lake liwe kwenye mlango.

Jambo moja zito litamfika mratibu huyo mapema. Juni 2022 kilomita za mraba 1,500 za ardhi ya Loliondo ziliwekewa alama za mipaka, na baadaye mwaka huo zikawa Pori la Akiba la Pololeti. Askari mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, wengine walivukia Kenya. Watu wa Soitsambu ni sehemu ya historia hiyo. Je, onyesho la shanga liseme juu yake? Mgeni hawezi kulijibu swali hilo kwa niaba yao, wala mfadhili. Linajibiwa katika kikao, wazee na akina mama wakiwapo, na jibu likiwa "bado", basi ni bado. Nangiria na wenzake walipotenga vile vitu vitano walitukumbusha kwamba kuamua kitu kisionekane nako ni uratibu, pengine ndio mgumu wake.

Nilipokuwa naaga pale nje ya boma nilimwuliza yule mama: pambo hili likienda kwenye maonyesho, tuandike nini chini yake? Binti yake alikuwa na daftari la shule, akafungua ukurasa wa nyuma. Mama alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akataja jina lake, la ukoo wake, na la mama mkwe aliyemfundisha kuanza na nyeupe. Akataja mwezi, kwa jina lake la Kimaa. Akasema pia kwamba mistari mitatu ilifumuliwa na kurudiwa.

"Hilo nalo niandike?" binti akauliza.

"Andika," akasema.

Halafu akagusa sikio lake, kwenye pambo alilokuwa amelivaa, kongwe, ngozi yake imekuwa nyeusi kwa mafuta na miaka. Akatikisa kichwa taratibu, mara moja, na binti akafunga daftari.